Umbo la Tairi Liendapo Mbio

Mtu akiulizwa tairi la motokaa lina umbo gani, atajibu kuwa ni duara, na pengine atamshangaa muulizaji. Jibu hilo ni kweli kwa tairi lililotundikwa ukutani dukani. Tairi lililobeba mzigo si duara. Chini limelala bapa juu ya ardhi, na ubavu wake mahali hapo umetuna kama shavu la mtu apulizaye moto wa kuni. Hayo twaweza kuyaona gari lisimamapo. Lakini gari likienda mbio, tairi hupata umbo la tatu, ambalo hakuna jicho la mwanadamu lililopata kuliona bila ya msaada wa chombo. Habari za umbo hilo la tatu, na za vyombo vilivyotumia nuru kulipima, ndizo nitakazozieleza hapa.

Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa Kiswahili ana nini na matairi. Shahada yangu ya udaktari ni ya lugha, na mambo ya fizikia yaliyomo humu nalielezwa na mwalimu mwenzangu ambaye subira yake siwezi kuisahau. Lakini naishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na aishiye Morogoro huishi kando ya njia hata kama nyumba yake iko kilimani. Pale Msamvu barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, mkono mmoja ukaenda Dodoma, na mkono wa pili ukaenda Mikumi, Iringa na Makambako mpaka Tunduma, mlangoni mwa Zambia. Usiku, upepo ukivuma kutoka bondeni, nasikia malori nikiwa kitandani. Katika mojawapo ya malori hayo yumo mtoto wa dada yangu. Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba hawezi kusema kwamba mambo ya mpwa wake hayamhusu.

Njia hiyo ya Tunduma ina historia yake na matairi. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakipita kusini, na malori yakaanza kupeleka mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na matope, hata ikapewa jina la Mbio za Jahanamu. Bomba la mafuta lilifunguliwa mwaka 1968, na lami ikafuata katika miaka ya mwanzo ya 1970. Mzee mmoja wa Kihonda, aliyekuwa utingo katika siku zile, aliniambia kwamba adui wa tairi alikuwa ni jiwe. Adui huyo bado yupo ukipanda Mgeta kutoka Sangasanga, ambako magari hushuka na kabichi polepole kama watu wanaoogopa kuteleza, na tairi likifa hufa mchana kweupe, kidonda chake kikionekana. Lami ilimwondoa jiwe, ikamleta adui mwingine, naye ni mwendo. Huyu wa pili haonekani.

Hebu tuhesabu. Tairi la lori kubwa lina mzingo wa mita 3.2 hivi. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo ambao sheria yetu inauruhusu kwa magari makubwa ya mizigo, tairi huzunguka mara saba katika kila sekunde. Kila kipande cha tairi kifikapo chini hukunjuliwa kikawa bapa, kikakaa juu ya lami kwa muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha kikakunjwa tena kikarudi katika mviringo wake. Kope la jicho halifumbi upesi kiasi hicho. Safari ya kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Basi kila kipande cha tairi kitakunjuliwa na kukunjwa zaidi ya mara 280,000 kabla ya kufika mpakani.

Chukua waya mwembamba, uukunje na kuukunjua mara ishirini, kisha uguse pale ulipopinda: utauona una moto. Mpira ni mvumilivu kuliko waya, lakini nao haurudishi nguvu zote ulizopewa. Baki yake hugeuka kuwa joto ndani ya mwili wa tairi, mahali ambapo upepo wa njiani haufiki. Tena mzunguko wenyewe hutaka kuutupa nje kila ulichokishika. Kijiwe cha gramu 10 kilichonasa katika tairi la motokaa ndogo iendayo kilomita 100 kwa saa huvutwa nje kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo mbili na nusu. Uso wa tairi huvutwa vivyo hivyo, gramu kwa gramu, hata tairi zima likanenepa kidogo. Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024 yaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa bila ya taabu hii, kwa kuwa gurudumu la chuma na reli hugusana mahali padogo kama ukucha wa dole gumba, na chuma hakibonyei kiasi cha kuonekana. Lakini reli haipandi Mgeta, wala haifiki mlangoni pa duka la mtu.

Sasa, kitu kipitacho katika sehemu ya mia ya sekunde kitaonekanaje? Swali hili ni la zamani kuliko motokaa. Watu walibishana miaka mingi kama farasi akimbiapo kuna wakati miguu yake yote minne iko hewani. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika Kalifonia, Eadweard Muybridge alipanga kamera kandokando ya njia ya farasi akapiga picha mfululizo, na ubishi ukaisha: miguu yote minne ilikuwa hewani. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton, wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts, alistawisha taa za kumwekamweka, ziwakazo na kuzimika kwa kipimo. Msomaji aliyepata kukaa chini ya feni katika chumba chenye taa inayochezacheza huenda amewahi kuyaona mapanga ya feni yakisimama, au yakirudi nyuma pole pole, hali feni inakwenda kwa kasi ile ile. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Tairi likizunguka mara saba kwa sekunde, na taa ikimweka mara saba kwa sekunde, jicho litaliona tairi mahali pale pale kila mara, na kwa jicho litakuwa limesimama. Hapo mtu aweza kulitazama likiwa mbioni kama alitazamavyo likiwa gereji.

Wahandisi hulizungusha tairi juu ya pipa kubwa la chuma, lenye kipenyo cha mita 1.7 hivi, ili barabara ikimbie na tairi libaki mbele ya macho yao. Zamani walitumia taa za kumweka. Kisha zikaja kamera zipigazo picha maelfu kwa sekunde moja. Kuna na mshale mwembamba wa leza: hupigwa juu ya ubavu wa tairi, na chombo kilichowekwa upande hutazama doa lake la nuru limehama kiasi gani, kikajua kwa hesabu ya pembetatu kama ubavu umetoka au umeingia.

Lakini njia iliyonipendeza kuliko zote ni ya madoadoa. Tairi hupakwa rangi nyeupe, kisha hunyunyiziwa rangi nyeusi bila ya mpango wowote, mpaka likafanana na kanga wa porini. (Wasemao kwamba nguo ya kanga ilipata jina lake kwa ndege huyo watafurahi kuona ndege yule yule ameingia maabara.) Kamera mbili hulitazama kwa pamoja, kama macho mawili ya mtu, ili zijue karibu na mbali. Kwa kuwa madoa hayakupangwa, hakuna kikundi cha madoa kinachofanana na kingine. Kompyuta hukijua kila kikundi kwa sura yake, ikakifuata kutoka picha hii mpaka picha ile, na kuhesabu kimekwenda wapi, kimevutika kiasi gani, kimesogea ndani au nje, hata kama mwendo wenyewe ni mdogo kuliko unene wa unywele. Hakuna kinacholigusa tairi isipokuwa nuru. Huko Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria waliziingiza kamera ndani ya tairi lenyewe, pamoja na taa zake kwa maana mle ni giza, wakautazama upande wa ndani wa tairi likanyagapo ardhi. Nimejaribu mara nyingi kufikiri jinsi mahali hapo palivyo: chumba cha mviringo kisicho na dirisha, ambacho sakafu yake yainuka na kushuka mara saba kila sekunde.

Na nuru ilionyesha nini? Ilionyesha kwanza kwamba umbo la mbele ya mahali pa kukanyagia si sawa na umbo la nyuma yake. Mpira ukiinuka kutoka ardhini haurudi moja kwa moja katika duara. Huchelewa, na mwendo ukiwa mkubwa huruka kupita mahali pake, ukarudi, ukapita tena. Katika tairi la motokaa liendalo mbio kupita kiasi huonekana mawimbi nyuma ya mahali pa kukanyagia, matuta na mabonde, nayo yamesimama. Mwalimu mwenzangu aliponiambia neno hilo, kwamba wimbi limesimama, nalidhani ni kosa la lugha. Akanichukua mpaka ukingoni mwa Mto Morogoro, ushukao kutoka Uluguru na kupita mjini, akanionyesha jiwe lililozama nusu. Nyuma ya jiwe palikuwa na mikunjo ya maji. Maji yalikuwa yakipita kwa haraka, lakini mikunjo haikwenda popote. Tairi likiwa mbioni ni kama mto huo, na mahali panapogusa ardhi ni jiwe.

Sababu yake ni hii. Kila kitu kilichowambwa kina mwendo wake wa kupitisha mtikiso. Ngozi ya ngoma iliyowambwa sana hupitisha upesi, iliyolegea hupitisha pole pole, nasi twaijua tofauti hiyo kwa sauti. Tairi limewambwa na upepo uliomo ndani yake. Madamu mwendo wa gari ni mdogo kuliko mwendo wa mtikiso, mtikiso hutawanyika ukaisha. Gari likiushinda, mtikiso hauna pa kukimbilia, hulundikana nyuma ya mahali pa kukanyagia ukawa wimbi, na joto hupanda hata tairi likaweza kupasuka katika muda wa dakika chache. Tairi zima la motokaa, lenye upepo wa kutosha, halifiki huko isipokuwa kwa mwendo ambao barabara zetu hazina nafasi yake. Ila upepo ukipungua, uwambo hulegea, na mwendo wa hatari hushuka. Lori la kilomita 80 kwa saa halifikii wimbi hilo. Lakini huhitaji kufika kwenye wimbi ili upate hasara: tairi lililolegea hukunjwa zaidi kila linapokanyaga, na kukunjwa ndiko kuletako joto.

Hapa niruhusiwe kusema neno la kazi yangu. Nalitaka kuyaandika mambo haya kwa Kiswahili kwenye karatasi moja ya kuwapa madereva, nikakwama katika neno la kwanza. Kitu kikipoteza umbo lake kwa kulemewa, kisha kikalirudia, tukiitaje hali hiyo? Lugha yetu ina kitenzi kilicho tayari, nacho ni kuumbuka. Kimetoka katika kuumba na umbo, na maana yake ya asili ni kupoteza umbo. Lakini wasemaji wamekwisha kukipeleka katika aibu: aliyeumbuka ni yule aliyefedheheka mbele za watu. Nikiandika kwamba tairi huumbuka mara saba kila sekunde, dereva atacheka, na atakuwa na haki. Kunyumbuka ni zuri, lakini ni neno la darasani, nalo husifu uwezo wa kitu bila ya kusema hasara yake. Nikabaki na kubonyea, neno la gereji, ambalo kila mtu hulisema akilikanyaga tairi kwa kiatu. Kamusi haikunisaidia zaidi ya hapo.

Sasa nieleze kwa nini karatasi yenyewe ilihitajiwa. Rafiki wa mpwa wangu, kijana waliyeanza kazi pamoja, alikufa baina ya Doma na Mikumi. Tairi la mbele lilipasuka, lori likavuta upande mmoja, likaacha njia. Katika matanga nalikaa na madereva wenziwe, nikawasikia wakikubaliana kwa sauti moja kwamba jua ndilo lililoua. Upepo ulizidi kwa joto, walisema, na tairi halikupumua. Ndiyo maana dereva mwenye akili, saa za jua kali, husimama kivulini, akatoa upepo kidogo katika kila tairi. Mpwa wangu naye alisema hivyo, tena kwa uchungu, kwa kuwa aliamini kwamba mwenzake angesimama Doma na kutoa upepo angalikuwa hai.

Katika maneno yao kulikuwa na ukweli, na ukweli huo ndio uliolitia nguvu kosa. Joto huzidisha upepo kweli. Tairi lililojazwa asubuhi kwa ratili 110 katika inchi ya mraba, joto likiwa nyuzi 27, litaonyesha kama ratili 123 likifika nyuzi 60. Lakini aliyeliunda tairi alikwisha kulihesabu hilo, na kipimo alichokiandika ni cha tairi lililopoa. Ongezeko la ratili kumi na tatu haliliui tairi zima. Tazama sasa litokealo kwa dereva aliyelipumzisha: analiacha kwa ratili 110 likiwa na moto, likipoa litakuwa na 98 tu, na katika baridi ya Makambako alfajiri litakuwa chini ya hapo. Kesho yake tairi hilo laini litabonyea zaidi, libonyeapo zaidi litapata joto zaidi, na dereva akiligusa mchana akaliona lina moto kuliko jana, atatoa upepo tena. Analikimbia jua huku anauwasha moto mwenyewe, kwa mkono wake, kwa nia njema. Kosa hili jicho haliwezi kulisahihisha, maana liendapo mbio tairi laini na tairi gumu ni weusi mmoja unaozunguka. Ndipo nilipoiona thamani ya taa na madoa.

Lakini kujua si kumwambia mtu. Katika nchi yetu ya Uluguru jambo hilo lina ukumbusho wake. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 maofisa wa kikoloni waliipima miteremko na mmomonyoko wa udongo, wakaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi milimani. Amri ilikuja bila mazungumzo, na wakulima waliona kwamba kuchimba kule kulifukia udongo mwema na kuupandisha juu ule usiozaa. Mwaka 1955 zilitokea ghasia Matombo, na mpango ukaachwa. Kipimo kilikuwa na sehemu yake ya ukweli, na mkulima alikuwa na yake, wala hazikupata kukaa kwenye mkeka mmoja. Nami nisingependa kumwamuru mtoto wa dada yangu kwa sababu tu nimesoma.

Alipokuja nyumbani, alinisalimu akiwa bado mlangoni. “Shikamoo, Mjomba. Nasikia watafuta kuniachisha kazi.”

“Marahaba. Sitafuti kukuachisha kazi. Nataka unifundishe jinsi unavyolipima tairi.”

Akanipeleka lilipoegeshwa lori lake, akashika chuma, akaligonga tairi moja baada ya jingine huku ameinamisha kichwa, kama mganga asikilizaye kifua. Ni mkono wa ustadi, na tairi lililokwisha kabisa hulijua mara moja. Mawili ya nyuma aliyagonga akasema ni sawasawa. Nikatoa geji. Moja lilikuwa na 109, la pili 91. “Geji nazo hudanganya,” akasema. Tukaazima ya fundi wa pancha wa karibu. Ikasema vile vile, tofauti ya ratili moja.

Wakati huo tulisoma na maandishi ya ubavuni. Herufi ya mwendo ilikuwa K, yaani tairi liliundwa kustahimili kilomita 110 kwa saa, likiwa na upepo wake kamili na mzigo wake halali. Na katika kijisanduku kidogo mlikuwa na tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, ambazo huonyesha tairi lilizaliwa lini. Tairi la mtumba lililonunuliwa kwa jina la jipya lilikuwa na umri wa miaka minane. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilianza kutoa matairi mwaka 1971, kikasimama mwaka 2009, na mashamba ya mpira ya Kalunga, Kilombero, humu humu mkoani Morogoro, yalikuwa ya kukilisha kiwanda hicho. Siku hizi tairi la lori huja kwa meli, na mengine huja yamekwisha kutembea nchi za watu.

Jumapili iliyofuata tuliichukua motokaa yangu kuukuu mpaka njia moja tulivu upande wa Mzumbe. Tukachanganya chokaa na maji, tukaunyunyizia ubavu wa tairi la nyuma madoa meupe. Watoto walikuja kutazama, na mmoja akauliza kwa adabu kama gari la mzee limeugua tetekuwanga. Simu ya mpwa wangu huweza kupiga picha 240 kwa sekunde moja. Alipita mbele yangu kwa kilomita 50 kwa saa, tairi likiwa na ratili 32. Tukatoa upepo mpaka 18, akapita tena. Kisha tukaketi chini ya mwembe tukazitazama picha moja moja.

Chombo chetu kilikuwa maskini kando ya vile vya Pretoria, wala hatukuona wimbi lolote. Lakini tuliyaona madoa. Juu ya gurudumu yalikuwa yametawanyika kama tulivyoyanyunyizia. Yakifika chini yaliingia ndani kuelekea ringi, yakasongamana, kisha yakarudi. Tulipima kwa rula juu ya kioo cha simu. Kwa upepo wa 18 yaliingia ndani zaidi kwa kama nusu ya yale ya kwanza. Mpwa wangu alirudia picha zile mara nyingi, akizisogeza mbele na nyuma kwa kidole, bila kusema. Hatimaye akasema, “Kumbe linapiga goti.”

Nikamwomba arudie.

“Kila likikanyaga linapiga goti, Mjomba. Na hili laini linapiga goti mpaka chini.”

Neno hilo limo sasa katika karatasi yangu, na kubonyea nimelifuta. Goti lina ndani yake kulemewa, na kurudi, na kuchoka. Kila mtu aliyepata kubeba mzigo kutoka Kinole au Matombo kwa miguu analijua.

Jioni tulifanya jambo moja zaidi, ambalo simshauri mtu aliige. Tuliweka tairi la nyuma la kushoto 32 na la kulia 22, tukaenda mpaka mjini na kurudi kwa mwendo wa pole. Tuliposimama alishika la kushoto kwa kiganja, kisha la kulia, akauondoa mkono. Hakukuwa na jua; lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya vilima.

Nalidhani atasema neno juu ya rafiki yake. Hakusema. Alisema juu ya tajiri wake, mwenye lori, ambaye hanunui tairi mpaka lipasuke, na ambaye huhesabu saa za safari kutoka bandarini. “Geji nitaichukua,” akaniambia. “Upepo ni wangu, nitaujaza. Lakini tairi si langu kununua, na mzigo si wangu kupunguza. Pale mizani ya Mikese wanapima uzito wa lori zima, Mjomba. Hakuna anayeuliza limesimama juu ya nini.” Sikuwa na jibu la kumpa, kwa maana nuru iliyopima tairi haikupima mfuko wa mtu.

Aliondoka na geji yangu. Tangu siku hiyo, akilala Makambako, huniletea ujumbe alfajiri kabla ya kuwasha injini, nao hauna salamu wala habari ila namba tu, moja kwa kila tairi, kwa mpangilio tuliokubaliana: mbele kwanza, kushoto kabla ya kulia. Nimeziandika katika daftari ambamo zamani nalikuwa nikiandika methali. Aghalabu ni 108, 109, 107. Juma lililopita ilikuja namba moja ya 84, ya tairi la ndani, nyuma kushoto, lile la miaka minane, na mbele yake ameandika: “Natafuta upepo, sijaondoka.”